Setilaiti Iliyofunzwa Kusalimia

Wasomaji wenye vyeo, wasomaji mnaotarajia vyeo, na ninyi wengine mliobaki, kila mmoja kwa kadiri ya kiti alichokalia: nawasalimu. Ningewataja mmoja mmoja kama inavyotakiwa katika nchi yetu, lakini mhariri amenipa kurasa chache, nazo zingekwisha kabla hatujafika kwa wakuu wa wilaya. Naomba mjihesabu mmetajwa.

Mimi ni mtumishi wa Idara ya Salamu za Serikali. Kazi yetu ni kuandika yale maneno ambayo kiongozi huyasema kabla ya kusema. Nchi nyingine hazina idara hii, ndiyo maana viongozi wao husimama na kuanza kuzungumza papo hapo, kama watu walioungua. Sisi tumestaarabika. Kwetu hotuba bora ni ile ambayo salamu zake zinamaliza muda wote, hata lile jambo lenyewe likabaki kugawiwa mlangoni kwa maandishi, atakaye achukue, asiyetaka afungie maandazi.

Nasema haya ili mjue kwamba yote nitakayosimulia niliyashuhudia. Wakati wa Mkutano wa Kimataifa wa Mtandao wa Data Ndani ya Vyombo vya Anga nilikuwa nimeketi nyuma ya meza kuu, nimeshika salamu za akiba, endapo zile za Waziri wa Anga zingeisha.

*

Mkutano huo huzunguka dunia, mwaka huu nchi hii, mwaka ujao nchi ile. Wanaouhudhuria ni wataalamu wa jambo moja: namna vifaa vilivyomo ndani ya chombo cha anga vinavyopashana habari. Humo ndani, nilielezwa, kuna kifaa cha kupima joto, kuna cha kutazama nyota ili chombo kisipotee njia, kuna betri, kuna kamera, na kuna kompyuta kubwa inayoamua. Vyote vimeunganishwa kwa nyaya nyembamba, na habari hupita humo zikiwa zimefungwa kama mafurushi madogo, kila furushi na anwani yake. Wataalamu hawa hubishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama kwa sababu ya furushi lililochelewa muda usiotosha hata kupepesa jicho.

Nilicheka sana. Mtu mwenye tabia hiyo angepasuka mshipa ofisini kwetu kabla ya chai ya saa nne.

Tuliupata uenyeji wa mkutano kwa haki. Nchi nyingine ziliahidi maabara na intaneti. Sisi tuliahidi meza kuu. Tuliijenga ikaanza mlango wa mashariki wa ukumbi ikaishia mlango wa magharibi, na ilipokwisha kujaa viongozi, wataalamu waliokuwa wamebaki kuketi chini na kusikiliza wangeenea kwenye mkeka mmoja.

Kikachapishwa pia kitenge maalumu. Upande mmoja uso wa Mkuu wa Nchi, upande wa pili setilaiti. Mchoraji hakuwahi kuona setilaiti, akachora cherehani yenye mabawa. Waziri aliipenda, na cherehani ikawa nembo rasmi.

*

Setilaiti tunayo kweli, msidhani tunatania. Ni moja, ukubwa wake kama jokofu la dukani la kuuzia soda, inaitwa Jicho la Taifa. Aliyeiunda na wenzake ni Mhandisi Tunu Lwambo, mwanamke mwembamba, mwepesi wa maneno, mwenye kasoro moja tu kubwa: ukimuuliza swali, anajibu.

Tunu ni mzaliwa wa bonde la Lugundi. Huko mvua za masika zikikolea milimani, mto huacha njia yake na kuingia majumbani, na kila mwaka ulikuwa ukiondoka na watu. Kwa hiyo Tunu aliweka ndani ya Jicho kifaa kimoja kidogo alichokiita kihisio cha maji. Kazi yake ilikuwa kuutazama mto kutoka juu. Mto ukivuka kipimo, kihisio kiliiambia kompyuta kubwa neno moja, kompyuta ikaliteremsha duniani, na king'ora kikalia Lugundi. Yote hayo kabla hujamaliza kupiga chafya.

Masika ya mwaka wa kwanza king'ora kililia, watu wakapanda kilimani, maji yakaja yakachukua kuku, vitanda na ofisi ya kata. Hakufa mtu. Mama yake Tunu, Bi Siwema, mkulima wa mpunga, alimpigia simu akasema, "Tumefika juu sote," kisha akashindwa kuendelea kwa kilio. Tunu hakutaka zawadi nyingine, na ni bahati, kwa maana hakupewa.

*

Mwezi mmoja kabla ya mkutano, Waziri alikwenda kukagua maabara. Huyu ni Mheshimiwa Dokta Fulgensi Mtamila, Waziri wa Anga, Itifaki na Furaha ya Wananchi. Udokta wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla rangi ya ukutani haijakauka.

Tunu alikuwa na setilaiti ya pili, pacha wa ile iliyo juu, ya kufanyia majaribio mezani. Akachukua kikombe cha maji, akakinyunyizia kihisio. Taa ya kompyuta kubwa ikawaka papo hapo. Waziri akarudi nyuma hatua kama aliyekanyaga kitu.

"Huyu mdogo," aliuliza, "ameongea na mkubwa moja kwa moja?"

Tunu akajibu ndiyo, na kwamba ndiyo sifa yake. Waziri akauliza kifaa hicho kina cheo gani. Tunu akasema hakina. Waziri akauliza kama kiliomba nafasi, kama kilipitia kwa mkubwa wake wa karibu, na kama angalau kilianza kwa kusalimia. Tunu, kwa kasoro yake ile, akajibu hapana mara tatu.

Waziri alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Alisema kwa uchungu kwamba sasa ameelewa vijana wa nchi hii wanajifunzia wapi. Taifa zima limelala, na juu ya vichwa vyetu kuna kidude kisicho na hata mwaka mmoja wa uongozi kinamkurupusha mkubwa wake kila kikijisikia. Wageni wa dunia nzima wanakuja mwezi ujao. Wakiona fedheha hii watatuchukuliaje?

Tunu alijaribu kueleza kwamba wageni hao wanakuja kujifunza jinsi ya kufanya habari zifike haraka zaidi. Waziri akamtazama kwa huruma, akasema haraka ni tabia ya watu wasio na wasaidizi.

*

Setilaiti ikaundiwa uongozi. Kikao kilifanyika hotelini, kwa kuwa mambo ya anga hayafai kuzungumzwa mahali penye joto.

Kamera iliteuliwa kuwa Mwenyekiti, kwa sababu ndiyo iliyowahi kupiga picha ya paa la Ikulu. Kifaa cha kutazama nyota kikawa Makamu, kwa kuwa kinaangalia juu. Betri ikawa Mweka Hazina. Saa ya setilaiti ilipewa onyo la mdomo, kwani ilibainika kuwa huwahi. Kihisio cha maji kiliwekwa mwisho kabisa, chini ya kipimajoto, kwenye daraja la wahudumu. Tangu hapo kikitaka kusema neno, kikiambie kipimajoto, kipimajoto kimwambie Mweka Hazina, hivyo hivyo mpaka kwa Mwenyekiti, naye akiridhia ndipo neno liifikie kompyuta kubwa. Na kila neno lianze kwa salamu kamili za ngazi zote.

Salamu hizo niliziandika mimi. Sijisifu, ila ni kazi niliyoifanya kwa moyo.

Tunu alikataa. Alisema mbele ya kikao kwamba kwa utaratibu huo mto utafika Lugundi kabla ya habari zake. Mkurugenzi mmoja akamwuliza kama mto wenyewe una kibali cha kupita. Watu walicheka, chai ikaletwa. Tunu akaambiwa akikataa kupeleka mabadiliko hayo juu, atatafutwa mwingine asiyejua chochote, naye atayapeleka pamoja na mengine kwa bahati mbaya. Akaona bora ayapeleke yeye, ajue walau nini kimeharibiwa. Aliacha njia ya kurudisha utaratibu wa zamani, lakini njia hiyo ilihitaji ufunguo mmoja wa chuma wa kuchomeka kwenye kompyuta yake, na ufunguo huo Waziri aliuvaa shingoni kama nishani.

Majaribio ya kwanza yalifana. Kipimajoto kiliripoti baridi ya asubuhi, na ripoti ikatufikia baada ya chakula cha mchana, ikiwa na salamu zote, pamoja na pole kwa Mweka Hazina kwa majukumu. Waziri alitokwa na machozi, akasema hajawahi kusomewa baridi kwa adabu namna ile.

*

Siku ya ufunguzi mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima. Serikali, katika kuwajali wananchi, iliamuru nchi nzima isikilize mkutano moja kwa moja. Kule Lugundi wakazi wote walikusanywa kwenye uwanja wa mpira ulio kando ya mto, spika zikafungwa kwenye magoli, na mageti yakawekewa walinzi, mtu asije akajinyima elimu. Simu zilikusanywa getini ili zisivuruge usikivu.

Ukumbini, mshereheshaji alianza kutambulisha meza kuu saa tatu asubuhi, akianza na Mkuu wa Nchi. Kila aliyetajwa alisimama, akapunga mkono, akapigiwa makofi ya kilo. Saa sita tulikuwa bado kwa manaibu. Wageni waliokuja kubishana juu ya kupepesa jicho walikaa kwenye viti vya plastiki, wamevalishwa vitenge vya cherehani, wakitazamana.

Tunu alikuwa nyuma, na kompyuta magotini. Alichoweza kuona kutoka kwa Jicho sasa kilikuwa foleni tu, nani anamsubiri nani. Nami nilikuwa karibu naye, nikaiona kwa macho yangu. Foleni ilisema: Kihisio cha Maji, dharura, anasubiri Mwenyekiti.

Kihisio hicho kina dharura moja tu. Hakikuumbwa na nyingine. Na Mwenyekiti hakuwepo kazini. Kamera ilikuwa imezimwa kwa amri, ipumzike, ipate nguvu ya kupiga picha ya pamoja ya wajumbe kutoka angani siku ya kufunga. Kukaimu hakuruhusiwi, lilipitishwa hilo kwenye kikao cha hotelini.

Tunu alichukua simu. Alimpigia mama yake, simu ikaita ndani ya kikapu cha mlinzi. Akampigia mkuu wa wilaya, ambaye alimjibu kwa unyenyekevu kwamba king'ora hakijalia, na yeye si mtu wa kukitangulia.

Akasimama akaelekea mbele. Mhudumu wa kwanza akamwuliza ana kadi ya rangi gani. Afisa itifaki akamwambia ataje jina na cheo, atatambulishwa zamu yake ikifika. Katibu wa Waziri akamwambia ujumbe wa mdomo haupokelewi siku ya sherehe. Alimpita kwa nguvu, akapiga magoti nyuma ya kiti cha Waziri, akamwomba ufunguo, akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini, na mara mbili akasema mama yangu yuko kule. Waziri hakugeuka, kwa kuwa kamera za televisheni zilikuwa upande ule.

"Subiri, Mhandisi," alisema. "Bado hatujafika kwenye wahandisi."

*

Wakati huo alikuwa ameitwa mgeni mmoja atoe salamu kwa niaba ya wajumbe, mzee aitwaye Profesa Halvorsen, wa nchi ya baridi. Maisha yake yote ameyamaliza akihakikisha neno lililotoka upande huu wa waya linafika upande wa pili. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika kipaza sauti, akihangaika na majina ya meza kuu niliyomwandikia, alipomwona Tunu anapanda jukwaani. Tunu alimnong'oneza maneno machache kwa lugha ya wataalamu. Mzee hakuuliza cheo. Alimpa kipaza sauti, akasogea pembeni.

"Mama, ni mimi Tunu," alisema. "Maji yanakuja Lugundi. Tokeni uwanjani sasa hivi, pandeni kilimani."

Kisha umeme wa kipaza sauti ukakatwa.

Lazima niseme ukweli, meza kuu haikusikia kitu kuhusu maji. Ilichosikia ni kwamba mtu amesimama mbele ya Mkuu wa Nchi akaanza na neno mama. Waziri alishika kifua. Mshereheshaji, mtu mwenye ufundi, aliomba ukumbi usimame kwa dakika moja ya masikitiko. Tunu alitolewa kwa mlango wa jikoni.

Lakini Lugundi walisikia. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa juani, majina yakiwapitia masikioni, wengine wamelala, wengine wanasuka ukili. Mara redio ya taifa ikanyamaza kidogo, na sauti ikaanza kusema bila Mheshimiwa. Katika nchi yetu hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo kutoka kwenye chombo hicho. Bi Siwema alikuwa wa kwanza kusimama. Hakueleza kitu, wala hakuna aliyemwuliza. Mlinzi mmoja wa geti alisema baadaye kwamba maneno yenyewe hata hakuyashika vizuri, ila alipoona mtu wa redioni hasalimii, alijua hapa kuna kifo, akafungua.

Mto ulifika uwanjani watu wakiwa nusu ya mlima. Magoli yalikwenda na spika zake, zikiwa bado zinatambulisha.

Wawili hawakusikia. Koplo Shilinde na mwenzake Bahame walikuwa darajani, wamewekwa kulinda bango la kuwakaribisha wajumbe, ingawa hakuna mjumbe aliyepangwa kupita Lugundi. Walinzi wa bango hawapewi redio. Bango lilipatikana siku ya tatu, likiwa zima. Wao walipatikana baada yake. Nimeandika salamu za serikali hii miaka mingi, na sijui hata sasa ni salamu gani inayofaa kwa mke wa Shilinde, ambaye aliambiwa asubiri msibani mpaka rambirambi zisainiwe na ngazi zote. Nilitia aibu niliyokuwa nayo mfukoni, nikaendelea na kazi.

*

Siku ya kufunga, Mwenyekiti aliamshwa ili apige picha ya pamoja. Jambo la kwanza alilokuta mezani ni ujumbe wa kihisio cha maji. Akauridhia bila kinyongo, na ukashuka mpaka ukumbini, ukasomwa na Waziri mwenyewe, wote tumesimama:

"Mheshimiwa Mkuu wa Nchi, Mheshimiwa Waziri, Ndugu Mwenyekiti Kamera, Ndugu Makamu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wetu Paneli za Sola, mabibi na mabwana. Nami nikiwa mdogo wenu nisiyestahili, nachukua fursa hii adhimu kuwashukuru kwa kunipa fursa hii. Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba kwa heshima na taadhima kudokeza kwamba, endapo itawapendeza, huenda kukawa na maji."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkuu wa Nchi alisema dunia sasa imeona chombo chenye malezi. Kamera ikatunukiwa nishani, na kwa kuwa haikuweza kuhudhuria, Waziri aliipokea kwa niaba yake na anaivaa mpaka leo. Wajumbe walikuwa wachache. Wengi walikuwa Lugundi, wakisaidia kufunga mahema, na Profesa Halvorsen alionekana akibeba ndoo, jambo lililotusikitisha, mtu wa umri ule bila msaidizi.

Tume iliundwa kuchunguza vifo vya darajani. Ilibaini kwamba chanzo ni Mhandisi Tunu Lwambo, ambaye kwa kusema bila kusalimia aliwanyima marehemu nafasi ya kuelewa kwamba tangazo lilikuwa rasmi. Tunu alikumbusha kwamba marehemu hawakuwa na redio. Tume ikaandika kwamba mtuhumiwa bado anajibu. Alifukuzwa kazi na kupigwa marufuku kusogelea kipaza sauti chochote maisha yake yote, hata cha harusini. Yuko Lugundi sasa, analima mpunga na mama yake.

Mvua zimeanza tena milimani. Jicho la Taifa linaendelea vizuri na limeongezewa ngazi mbili, na mimi nimepandishwa cheo kwa salamu zake mpya, ambazo ni ndefu zaidi na zina utenzi. Wiki iliyopita nilitumwa Lugundi kuhakikisha wananchi wanasikiliza. Nilikuta kila nyumba ina redio na kila redio imewashwa. Waziri alipoanza kutaja vyeo, nilimwona Bi Siwema akiipunguza sauti taratibu, akavaa viatu, na nyumba hadi nyumba wakatoka wote, Tunu akiwa mbele yao, kwenda kuutazama mto wenyewe.